Kitabu Safi

Katika chumba cha marubani cha kampuni ile palikuwa na picha moja tu ukutani, nayo ilikuwa ya Kepteni Pasi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wenzake ndio waliompachika, kwa sababu shati lake jeupe halikuwahi kuonekana na mkunjo, hata baada ya kuruka safari nne kwa siku moja katika joto la kukausha koo. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi kubwa: RUBANI WA KITABU SAFI. Picha hiyo ilitakiwa ibadilishwe kila mwezi, lakini ilikaa pale miaka minne, mpaka mama wa usafi akawa anaifuta vumbi kama mali yake.

Sasa nieleze hicho kitabu, maana asiyekijua atadhani tunazungumzia habari za shule. Kila ndege ina kitabu chake, kinakaa nyuma ya kiti cha rubani. Ukiona hitilafu, hata kama ni taa ndogo isiyowaka, unaiandika humo. Ikishaandikwa, ndege haisogei hata hatua moja mpaka fundi mwenye leseni aje, atengeneze, atie sahihi. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Shida ni kwamba kampuni ilikuwa na ndege sita na viwanja kumi na kimoja, na mafundi wote walikaa kwenye uwanja mmoja wa makao makuu. Ukiandika hitilafu kule kwenye viwanja vidogo, vyenye chumba kimoja na uzio wa kuzuia mbuzi, ndege inalala hukohuko, abiria wanalala hukohuko, na simu ya Mkuu wa Marubani haikuachi upumue.

Basi marubani wakabuni kikaratasi. Ukiona hitilafu, unachana karatasi kwenye daftari lako, unaandika mstari mmoja, na jioni ukifika makao makuu unampa fundi wa zamu mkononi. Kitabuni unaandika "Hakuna hitilafu." Fundi anatengeneza akipata nafasi. Ndege zinaruka, Mkuu anafurahi, na mwisho wa mwezi mwenye kitabu safi kuliko wote anabandikwa ukutani. Wote walifanya hivyo, na wote walijitia hamnazo. Lakini hakuna aliyevishwa kilemba cha ukoka akakikaza kichwani kama Kepteni Pasi.

Chama cha marubani kilipoanzishwa, yeye alicheka. Kati ya marubani thelathini na mmoja walijiunga kumi na wanane, wengi wao vijana. Katibu wao alikuwa rubani msaidizi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyekaa kiti cha kulia miaka tisa bila kuvuka kwenda cha kushoto, cha kepteni. Kepteni Pasi alimwita "Katibu" kwa kejeli, na jina likanata hata kwa waliompenda.

"Katibu," alikuwa akimwambia asubuhi wanapoiendea ndege, "vipi, chama kimeshatupunguzia upepo leo?"

"Bado, Kepteni. Tunaendelea na mazungumzo."

"Mimi chama changu ni mke wangu. Nalipa ada kila siku na sijawahi kuitwa mkutanoni."

Alicheka peke yake, naye Katibu akaendelea kukagua matairi. Alikuwa na sababu ya kutocheka. Miaka mitatu nyuma, Kepteni Pasi ndiye aliyemkagua kwenye mtihani wa ukepteni. Katibu aliruka vizuri, hakuna aliyebisha. Ila katikati ya mtihani aliona kioo cha taa ya bawa kimepasuka, akakiandika kitabuni, na ndege ikalala. Kepteni Pasi akajaza kwenye faili lake: "Anajua kuruka, lakini bado hajayaelewa mazingira ya kampuni." Sentensi moja tu. Ilimkalisha kulia miaka mitatu.

Haya. Jumatatu moja jioni wawili hao walitua makao makuu, na Kepteni Pasi akasikia kanyagio la breki ya kushoto likizama zaidi ya kawaida. Ndege ilisimama, hakukuwa na kelele wala moshi. Walipoegesha, Katibu akafungua kitabu mapajani. Pale kwao msaidizi ndiye anayejaza ukurasa na kepteni anatia sahihi.

"Breki ya kushoto laini," akasema Katibu. "Naandika?"

"Andika hakuna hitilafu."

"Kepteni, hii ni breki."

"Najua ni breki, si ndiyo niliyoikanyaga mimi? Kesho alfajiri ndege hii ina safari. Wewe na chama chako mnataka ndege zote zilale? Andika, nitampa fundi kikaratasi."

Katibu aliishika kalamu muda kidogo, halafu akaandika: Hakuna hitilafu. Kepteni Pasi akatia sahihi kwa mbwembwe zake zilezile. Akachana karatasi, akaandika "Breki ya kushoto laini. Iangaliwe," akampa fundi wa zamu mlangoni pa karakana. Fundi akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, na Kepteni akaenda zake nyumbani, akala, akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kesho yake ndege hiyo, ikiwa na marubani wengine, ilitua kwenye kiwanja kidogo, breki ya kushoto ikakataa kabisa, ikayumba, ikatoka nje ya njia na kuingia majanini. Gurudumu la mbele lilivunjika na pangaboi moja likajipinda. Abiria ishirini na saba walitoka wakitetemeka, mmoja na mkono uliovunjika. Hakufa mtu. Lakini kifo kilikuwa kimepita karibu, na kila mmoja pale kazini alilijua hilo.

Wakakifungua kitabu. Ukurasa wa mwisho: Hakuna hitilafu, na sahihi ya Kepteni Pasi yenye mkia mrefu. Fundi wa zamu akaulizwa, akasema hajaona kikaratasi chochote na wala hajui kikaratasi ni kitu gani. Ovaroli ilikuwa imeshafuliwa.

Ijumaa barua ikamfikia. Alitakiwa kwenye kikao cha nidhamu Alhamisi inayofuata, saa nne asubuhi, kwa kosa la kuficha hitilafu ya usalama. Akipatikana na hatia ataachishwa kazi, na taarifa itapelekwa kwa mamlaka ya anga. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Rubani aliyefukuzwa kwa kosa hilo hakuna anayemwajiri, hata kuendesha ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Kumwaga unga katika umri ule, kwa kazi pekee anayoijua! Mwisho wa barua palikuwa na mstari mmoja wa huruma: "Unaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzako mmoja."

Akaona si tabu, ana marafiki. Akampigia kepteni wa kwanza, mtu waliyeanza naye kazi mwaka mmoja. "Alhamisi? Aisee, Alhamisi nina safari." Alhamisi hakuwa na safari, ratiba ilikuwa ukutani. Wa pili hakupokea simu, wala siku hiyo wala siku iliyofuata. Wa tatu angalau alisema ukweli. "Kaka, nakupenda, lakini nina watoto. Mkuu akiniona nimekaa upande wako, kesho ni zamu yangu." Wote watatu hawakuwa wanachama. Walikuwa watu wa Mkuu, kama yeye.

Jumatatu akapiga moyo konde, akamfuata Katibu kwenye chumba cha marubani. Picha yake ilikuwa imeshaondolewa. Pale ilipokaa rangi ya ukuta ilikuwa mpya zaidi, mraba mweupe, na kila aliyeingia alitupia jicho hapo kwanza.

"Nataka chama kiniwakilishe," akasema.

Katibu alimtazama, kisha akatoa kijitabu cha kanuni kwenye begi, akamfungulia ukurasa. Chama kinamtetea mtu aliyekuwa mwanachama si chini ya miezi mitatu kabla ya tukio.

"Nijiunge leo, nilipe ya miezi mitatu nyuma."

"Haiwezekani, Kepteni. Kila mtu angesubiri mpaka afikwe."

"Sasa chama kina faida gani?" Sauti ilimpanda, mtu aliyekuwa akinywa chai kwenye kona akainuka na kikombe chake, akatoka.

"Kwako wewe, leo, hakina," akasema Katibu. Hakusema kwa ukali. "Ila barua inasema mfanyakazi mwenzako. Mimi ni mfanyakazi mwenzako. Nitakuja. Lakini nikiulizwa nitasema yote. Nitasema kikaratasi kilikuwepo. Nitasema pia nilikuuliza kama niandike, ukanikataza. Na nitasema mwandiko ule ni wangu."

"Utajikaanga mwenyewe."

"Niliandika uongo, Kepteni. Hata kama uliniambia wewe, mkono ulikuwa wangu."

Kepteni Pasi alimshukuru kwa sauti ambayo hata yeye hakuifahamu, akaondoka.

Jumanne Mkuu wa Marubani akamwita ofisini, akafunga mlango, akammiminia chai kwa mkono wake. Mkuu alikuwa mtu wa tabasamu pana na sauti ya chini.

"Ndugu yangu, tumetoka mbali. Unadhani napenda hili? Mimi nimekiangalia kile kitabu. Mwandiko si wako."

"Ni wa msaidizi wangu."

"Ee, hapo sasa. Wewe ulimwambia aandike breki. Akasahau, au akapuuza, hayo ni yake. Wewe ukatia sahihi kwa kumwamini. Kosa lako ni kuamini mtu. Onyo la maandishi, mwezi mmoja nyumbani, unarudi kwenye kiti chako."

"Na yeye?"

"Yeye si ana chama?" Mkuu akatabasamu. "Kimtetee."

Kepteni Pasi akanywa chai yake. Aliona mpango wote, si mjinga. Chama kingebaki bila katibu, na mambo ya vikaratasi yangezikwa pamoja na mwanamke yule. Akaweka kikombe mezani, akainuka. Alipofika mlangoni, Mkuu akamgusa bega, pale penye mistari minne ya dhahabu. "Fikiria familia," akasema.

Alifikiria kweli, mchana na jioni, siku nzima ya Jumatano. Mkewe alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na miwili wodini, mtu wa maneno machache na macho makali. Alirudi zamu yake ya mchana akamkuta mumewe anapiga pasi shati lilelile kwa mara ya tatu.

"Utalitoboa hilo," akasema, akachomoa waya ukutani. "Kaa chini. Niambie."

Akamwambia yote, na ofa ya Mkuu juu yake. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, akivua viatu vya kazi.

"Nikuulize kitu," akasema Kepteni. "Nyinyi chama chenu kimewasaidia nini? Kweli kweli."

"Chetu? Kimeniudhi kuliko kilivyonisaidia. Mikutano haina mwisho, na mwenyekiti akishika maikrofoni humwondoi hata kwa jeki." Akasugua kisigino. "Lakini unakumbuka mwaka ule mgonjwa alipopewa dawa isiyo yake, daktari akataka kunibebesha mimi? Mwenyekiti huyohuyo alikuja akakaa kando yangu saa tatu nzima. Hakufungua mdomo, yeye mpenda kusema vile. Alikaa tu. Na mimi nikaweza kusema ukweli, kwa sababu nilikuwa na mtu pembeni."

"Nikisema ukweli kesho, nimekwisha."

"Huenda. Nami sitakudanganya kwamba mshahara wangu unatosha." Akavisukuma viatu chini ya kiti. "Lakini huyo binti anakuja kukaa pembeni yako, baba. Utamchoma kisu akiwa amekaa hapo hapo?"

Kepteni Pasi akasukuma sahani kando. Alishika tama mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi saa nne walikaa watu watano kwenye chumba cha mikutano: Mkuu, mama wa utumishi aliyeandika kila neno, fundi mkuu, Kepteni Pasi na Katibu kando yake. Dirisha lilitazama uwanjani. Katibu alikuja na sare kamili na hakuwa na karatasi hata moja mkononi.

Fundi mkuu akaanza kwa kusema vijana wake hawajawahi kupokea kitu kinachoitwa kikaratasi. Mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Iandikwe," akamwambia mama wa utumishi. "Katika kampuni hii hakuna vikaratasi. Kila hitilafu huandikwa kitabuni. Ndio utaratibu wetu, na kila rubani anaujua." Mama wa utumishi akaandika. Kisha Mkuu akageuka, tabasamu likiwa tayari. "Sasa, Kepteni. Tueleze kwa nini breki haikuandikwa. Ulimwambia msaidizi wako nini?"

Swali lilikuja limetandikwa kama kitanda, kazi yake ilikuwa kulala tu.  Kepteni Pasi akayaona maisha yote mawili: kiti cha kushoto kikimsubiri baada ya mwezi mmoja, na kile kingine ambacho hakukijua. Akageuza macho kidogo. Katibu alikuwa amekaa mikono mapajani, anatazama mbele. Alijua kwamba huenda anasalitiwa, ilionekana shingoni jinsi mshipa ulivyosimama. Hata hivyo alikaa.

"Nilimwambia aandike hakuna hitilafu," akasema Kepteni Pasi. "Yeye aliniuliza kama aandike breki. Nikamkatalia. Nikaandika kikaratasi, nikampa fundi. Nimeandika vikaratasi miaka minane, nawe Mkuu umeniwekea picha ukutani kwa ajili hiyo."

Kalamu ya mama wa utumishi ilisimama, kisha ikakimbia.

"Unajua ulichosema?" Mkuu akauliza, na tabasamu lilikuwa limekwenda.

"Najua. Na ishirini na saba wale nusura niwaue, hilo nalo liandikwe."

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa kijana wa ofisi ya safari, jasho likimtoka. Ndege ya saa nne na robo haiondoki, rubani ameandika kitabuni kwamba mkanda wa kiti cha saba haufungi. Mkuu akamfukuza kwa mkono. Dakika tano hazijapita akarudi: ya pili imeandikwa tairi limelika. Akarudi tena: ya tatu, taa ya onyo ya mlango. Ya nne, kiyoyozi kinatoa harufu. Alipokuja na ya tano hakugonga kabisa. Ya tano ilikuwa ya yule kepteni mwenye watoto, asiye mwanachama, naye alikuwa ameandika hitilafu tatu kwa mpigo. Ya sita ilikuwa bado imelala majanini.

Mkuu akaenda dirishani. Ndege tano zilisimama mstari mmoja, milango wazi, na marubani wake wamekaa ndani na kofia zao.

"Mmegoma!" akamgeukia Katibu. "Huu ni mgomo, na ni haramu!"

"Hakuna aliyegoma, Mkuu. Wote wako kazini. Wanamsubiri fundi." Katibu akamgeukia mama wa utumishi. "Mama, samahani, tusomee kile alichosema Mkuu mwanzoni."

Mama wa utumishi akarudisha ukurasa, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Katika kampuni hii hakuna vikaratasi. Kila hitilafu huandikwa kitabuni. Ndio utaratibu wetu, na kila rubani anaujua."

Fundi mkuu akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na sidhani kama alikuwa analia.

Siku ile abiria zaidi ya mia walikaa kwenye mabenchi wakijipepea kwa tiketi, nao hawakuwa na kosa lolote. Mmoja alikosa mazishi ya kaka yake, akawatukana marubani wote mpaka sauti ikamkauka, na alikuwa na haki yake. Sitaki kulipamba hilo.

Jioni, Kepteni Pasi alimkuta Katibu kwenye maegesho ya magari. Macho yalikuwa yamemlowa, mzee mzima.

"Sijui niseme nini. Ndege zote zile, kwa ajili yangu."

"Hapana, Kepteni," akasema Katibu. "Tulipiga kura siku ile ndege ilipoingia majanini, kwamba siku kikao cha ajali kitakapokaa, kila hitilafu iandikwe kitabuni. Kumi na moja kwa saba. Na wale saba walikataa kwa sababu yako, walisema haya yataonekana ni ya kukuokoa wewe uliyetucheka. Ilikuwa kwa ajili ya breki."

Ilimwingia kama sindano, lakini alikubali, maana ilikuwa kweli.

Mambo yalichukua wiki tatu kutulia. Kampuni ikakubali kuweka mafundi kwenye viwanja viwili vikubwa kati ya vile vidogo. Chama kiliomba vinne, kikapata viwili. Shindano la Kitabu Safi likafutwa kimyakimya. Katibu alipewa onyo la maandishi, na chama hakikuweza kulifuta. Kepteni Pasi hakufukuzwa, kwa sababu kumfukuza kungemlazimu Mkuu aeleze habari ya picha mbele ya mamlaka ya anga. Alipokonywa ukepteni mwaka mzima. Mkewe akakata uzi wa mstari mmoja kwenye kila bega, mistari ikabaki mitatu, naye akapiga pasi mashimo ya sindano mpaka yakafifia.

Siku ya kwanza ya kukaa kiti cha kulia, alipitia chumba cha marubani asubuhi. Katibu alikuwa peke yake akijaza ratiba.

"Nipe fomu," akasema Kepteni Pasi. "Najua haitanisaidia kwa yaliyopita."

Katibu akatoa fomu, akaiweka mezani, akaisoma kwa sauti jinsi wanavyosoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, mmoja anataja na mwingine anajibu.

"Namba ya leseni."

Akaitaja.

"Miaka kazini."

"Ishirini na minne."

"Mdhamini. Mwanachama aliyefanya kazi nawe, anayeshuhudia kwamba unaaminika."

Kepteni Pasi akamtazama. Katibu akaifunika kalamu yake.

"Bado," akasema.

Alielewa mara moja.  Akavuta daftari lake, akachana karatasi, akaandika akiwa ameinama: kwamba miaka mitatu iliyopita rubani huyu alistahili kufaulu, kwamba alichokifanya siku ile ndicho alichopaswa kufanya, na kwamba mkaguzi ndiye aliyekosea. Akatia sahihi yenye mkia, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Katibu aliisoma mpaka mwisho.  Kisha akairudisha karatasi kwake.

"Si kwenye kikaratasi, Kepteni," akasema. "Faili langu liko kwa mama wa utumishi."

Kepteni Pasi akainuka, akanyoosha shati, na wote wawili wakashika njia ya ofisi ya utumishi.